Sifuri Yetu Ilikuwa Stephano

"Shadya, leta kidole nikutoboe."

"Mimi tena? Mwenye kazi yake yuko wapi?"

"Kaenda Dar kuchukua suti ya harusi. Leta mkono, shosti, acha uoga."

Shadya akacheka, akanyoosha mkono huku amefumba macho. Bernadeta akamchoma, akakinga tone la damu na kuliweka juu ya kile kioo chao kidogo.

Mwaka huo wa 2008 kila idara chuoni pale Morogoro ilikuwa mbioni kumtafuta mfadhili wake, na wao walibahatika kumpata. Kikundi chao kilikuwa na watu wanne tu: Dokta Mwinshehe ambaye ndiye mkuu, Shadya, Bernadeta, na Stephano, mchumba wake Bernadeta. Walikuwa wanatengeneza kifaa cha kugundua homa ya ini kwa kutumia mwanga. Kioo kilipakwa chembe za dhahabu ndogo mno, damu ikawekwa juu yake, ikamulikwa leza. Virusi vikiwepo, rangi ya mwanga hubadilika na mstari kwenye kompyuta hupanda.

Hupanda kutoka wapi? Hapo ndipo penye mambo. Kila asubuhi walianza na damu ya mtu mwenye afya, na mstari wake ndio waliouita sifuri. Atakayeuzidi ni mgonjwa, asiyeuzidi ni mzima. Tangu mradi uanze, sifuri yao ilikuwa Stephano. Bernadeta mwenyewe ndiye aliyemteua mbele ya wenzake, akimpiga mgongoni kwa utani: "Dume la mbegu hili, litaumwa nini?" Wakacheka wote. Hakuna aliyekumbuka kumpima kwanza, wasomi wote wale.

Sasa siku hii, kwa kuwa sifuri ilikuwa Shadya, Bernadeta akachukua mirija ya damu waliyoikusanya Matombo, nyumbani kwao, ili arudie vipimo kabla wafadhili hawajafika. Mrija wa kwanza, mstari ukatulia. Wa pili, ukapanda.

"Huyu si tulisema mzima?" akauliza Shadya.

"Tulisema. Kifaa kina wazimu leo."

Akasafisha kioo, akarudia. Ukapanda vilevile. Akaweka mwingine, nao ukapanda.

"Labda mimi ndiye mbovu," Shadya akasema, na safari hii hakucheka.

Bernadeta akajitoboa mwenyewe. Mstari wake ukalala sawasawa na wa Shadya. Wakatazamana.

"Deta, weka ile ya Stephano ya jana."

"Ya nini?"

"Weka tu."

Akaiweka. Mstari ukaruka juu. Bernadeta akavuta kiti, akakaa. Ndiyo maana siku zote watu wengi walikuwa wakisomeka chini ya sifuri, na Dokta akisema ni kelele za mashine, yaani makosa madogo tu! Walikuwa wakiwapima watu kwa mgonjwa.

Lakini si hilo lililomtoa machozi. Mrija ule wa pili ulikuwa wa Petro, kaka yake. Hawakuruhusiwa kumpa mtu majibu ya kifaa cha majaribio, lakini ndugu zake na majirani walimwuliza, naye kwa kujivunia kazi yake aliwajibu. Petro alipolalamika kwamba ubavu unamuuma na anataka kushuka mjini kwenda hospitali, dada mtu alimwambia, "Mashine yetu imesema wewe mzima. Meza dawa ya malaria ukalime."

Akapiga simu Matombo.

"Shikamoo mama. Petro yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yuko ndani kalala. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa. Nilitaka kukupigia, simu haina salio."

"Mleteni hospitali mama, leo hii!"

"Mbona ulisema mzima?"

Bernadeta akarudia tu kwamba wamlete leo hii. Alipokata simu akamwandikia Stephano:

*Rudi. Nimepima damu yako.*

Jibu likachelewa. Lilipoingia lilisema:

*Nakuja. Usimwambie mtu.*

Akalisoma mara mbili. Mtu asiyejua kitu angeuliza kuna nini. Huyu hakuuliza.

Jioni Stephano akafika chumbani kwa Bernadeta, Kihonda, suti ikiwa begani ndani ya mfuko wake. Bernadeta hakumkaribisha kiti.

"Ulijua?"

Stephano akaining'iniza suti mlangoni taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla sijakufahamu. Nilikwenda kutoa damu, wakaniita pembeni. Siku hiyohiyo nikamwambia mchumba niliyekuwa naye, Janeth. Nilidhani tutalia pamoja. Kesho yake kwao wakavunja uchumba, na mtaa mzima ukajua. Watu wakawa wananitengea kikombe, Deta. Nikaapa sitamwambia mtu tena."

"Na siku ile nilipokuteua?"

"Mlikuwa mnacheka wote. Wewe ulikuwa unacheka. Ningesema nini mbele za watu? Nikajiambia nitakueleza jioni. Jioni ukaniambia unanipenda. Nikashindwa."

"Kila asubuhi ulikuwa unanipa kidole!"

"Kila asubuhi nilikuwa nakufa kidogo, mpenzi."

"Usiniite mpenzi." Akarudi nyuma hatua moja. "Chanjo ipo, Stephano. Mimi ningechanjwa, wewe ungetumia dawa, tungefunga ndoa na maisha yakaendelea. Ulidhani mimi ni Janeth?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Petro ana macho ya njano."

Stephano akainua kichwa. Petro ndiye aliyekuwa akimwita shemeji kabla hata posa haijapelekwa, ndiye aliyemfundisha kupanda milima ya Uluguru bila kuhema kama mzee.

"Petro? Lakini tulimpima..."

"Tulimpima kwa wewe! Alikuwa chini yako kidogo tu. Nikamwambia mzima. Mimi, dada yake, kwa mdomo wangu."

Stephano akakaa chini sakafuni, akalia. Bernadeta akatamani kumshika kichwa. Alimpenda, tusidanganyane, na kabla upendo huo haujamlegeza, akafungua mlango na kumwambia atoke.

Kesho yake wakasimama wote wawili mbele ya Dokta Mwinshehe, kila mmoja upande wake wa meza. Dokta akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Wafadhili wanakuja wiki ijayo," akasema. "Tusubiri waondoke, halafu tutalishughulikia kimyakimya."

"Hapana, Dokta," akajibu Stephano. "Watu wa Matombo wanaamini ni wazima. Nitapanda mwenyewe nikawaambie."

"Utaua mradi, kijana."

"Bora ufe mradi."

Ilikuwa mara ya kwanza Bernadeta kumsikia akisema jambo gumu bila kuinamisha macho. Ikamuuma zaidi. Kumbe aliweza!

Petro hakumaliza wiki. Daktari wa hospitali aliwaita nje ya wodi, akawaambia ini limeharibika sana, na kwamba angeletwa mapema wangepambana. Bernadeta alilisikia hilo neno "mapema" mpaka kaburini, udongo ulipokuwa ukimwagwa na mama yake akiita jina la mwanawe.

Baada ya misa ya Jumapili iliyofuata, Stephano akaomba nafasi kwa padri, akasimama nje ya kanisa pale misheni, mbele ya watu wa Matombo. Dokta Mwinshehe alikuja pia, amesimama nyuma, kichwa chini.

"Wazee wangu, shikamoo zenu. Mama zangu, shikamooni," Stephano akaanza. "Mnanifahamu kama mkwe wenu mtarajiwa. Leo mnifahamu vizuri. Mimi nina homa ya ini, nilijua, nikaficha. Damu yangu ndiyo tuliyotumia kuwapimia ninyi. Majibu mliyoyasikia si ya kweli. Nawaomba kila aliyepimwa aende hospitali akapimwe upya."

Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo na mimi mgonjwa?"

"Sijui, mama. Huo ndio ubaya niliowafanyia. Sijui."

Vijana wakaanza kusogea kwa hasira. Mjomba Fransisko akanyanyua mkono, wakasimama. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, naye ndiye aliyepokea posa ya Stephano. Juzi tu alikuwa amemzika mpwa wake.

"Bernadeta, mwanangu," akasema. "Huyu ni mchumba wako. Sema wewe kwanza, ndipo niseme mimi."

Bernadeta akasogea mbele. Akamtazama Stephano, amekonda kwa siku chache tu, shati limemzidi.

"Mjomba, kwa ugonjwa nisingemwacha. Angeniambia, ningekuwa mke wake hata leo."

"Basi?"

"Hakunipa nafasi ya kumchagua. Alinificha mimi, na kwa kunificha mimi Petro amekufa. Nami mdomo wangu umo humohumo, sijitoi." Akafuta machozi kwa kiganja. "Ndoa haipo, mjomba."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu.

"Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, mzee wangu," akajibu Stephano. "Hajanionea."

Watu wa Matombo wakashuka hospitali makundi kwa makundi. Waliokutwa na virusi wakaanza kutibiwa, wazima wakachanjwa. Mradi ulisimamishwa, na Dokta akaandika kwa mkono wake kwa wafadhili kueleza kwa nini.

Bernadeta naye alikuwa hospitali siku ya chanjo yake, na mama yake pembeni, wakisubiri zamu. Akainua macho na kumwona Stephano kwenye benchi la mbele, mgongo umewaelekea. Hakuwa amewaona. Simu ya Bernadeta ilikuwa bado na ujumbe wake wa mwisho, ambao hakuujibu wala kuufuta:

*Sikuombi unirudie. Nimeanza dawa. Nilitaka hili, angalau, nikuambie mapema.*

Mama mtu akamwona pia. Akamminya binti yake mkono.

"Kamsalimie, mwanangu. Hata mimi nimechoka kuchukia."

"Siwezi, mama."

"Unampenda bado?"

"Sana."

Mlango ukafunguka, muuguzi akachungulia na faili mkononi.

"Stephano! Leo daktari anataka kuzungumza na wewe pamoja na ndugu. Umekuja na nani?"

Stephano akasimama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

"Peke yangu, sista."

Bernadeta akaziba mdomo kwa khanga ili asisikike akilia. Hakuinuka, na mlango ukafungwa.