Kilo za Komanda

Mbwa wangu alikuwa anakufa kwa unene, na aliyekuwa anamuua ni mtu wa boma langu.

Nasema kufa. Sicheki.

Komanda alikuwa hawezi kutoka kwa zizi mpaka kwa geti bila kulala katikati ya safari. Ulimi nje, kifua kinapiga kama mashine ya kusaga unga...

Na huyu ndiye mbwa aliyewararulia suruali wezi wa kahawa hapa Kanyakine!

Daktari wa mifugo, msichana mmoja anaitwa Karwirwa, alisema tumpime. Mizani ya kutosha mbwa kama huyo iko wapi? Kiwanda cha kahawa. Tukampandisha pale wanapopimia magunia, foleni nzima ikiangalia.

"Kiogora, hiyo ni gredi gani?"

"Bonasi yake inatoka lini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya magunia yao.

Kilo arobaini na nne.

Karwirwa hakucheka.

"Mzee, huyu anafaa kuwa na thelathini. Moyo wake umechoka. Ukiendelea hivi utamzika."

"Nifanye nini?"

"Kikombe kimoja cha chakula asubuhi, kimoja jioni. Hakuna mabaki. Hakuna ugali, hakuna mukimo. Na umtembeze kila siku, pole pole. Kilo zilikuja pole pole, zitatoka pole pole."

Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini kikombe najua. Nilipima mwenyewe. Kila asubuhi tulishuka mtoni mimi na yeye, majirani wakimsalimia mbwa kabla ya kunisalimia mimi.

Mwezi ukaisha. Tukarudi kwa mizani.

Arobaini na sita!!

"Mzee," Karwirwa akaniambia, "kuna mtu anamlisha."

Jamani, nilirudi nyumbani nikiwa moto. Nikamkuta mke wangu Kathure anamenya viazi.

"Mama Mukiri, ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Unamlisha mbwa nikitoka!"

"Baba Mukiri, mimi nalisha ng'ombe, nalisha kuku, nalisha wewe, nalisha mama yako. Nguvu ya kulisha mbwa mnene naitoa wapi?"

"Mabaki yanaenda wapi?"

"Mabaki gani? Mama yako hajawahi kuacha hata punje. Sahani inarudi kama imeoshwa!"

Nikamwita mwongo. Nikamwita na maneno mengine ambayo siandiki hapa. Mama yangu, Celina, anakaa nyumba ya upande ule wa boma. Alisikia yote. Hakutoka nje.

Kesho yake nikajifanya naenda shambani, nikajificha nyuma ya zizi.

Saa ya chakula cha mchana, Kathure akampelekea mama sahani, kisha akaenda kuteka maji. Komanda, yule ambaye hawezi kufika kwa geti, akainuka mwenyewe. Akazunguka nyuma ya jiko la mama kama mtu anayeenda kazini.

Kwetu mwanamume mzima haingii jikoni kwa mama yake kuangalia anavyokula. Nikasimama nje, nikachungulia kwa ufa wa mbao.

Mama ameweka sahani chini. Yote! Mukimo wa viazi, nyama, hata mchuzi.

"Kula haraka," anamwambia. "Kula, mzee wangu, kabla hawajaona."

"MAMA!!"

Hakushtuka. Alinifungulia mlango.

"Mama, unaniulia mbwa!"

"Nisamehe, Kiogora. Hakipiti."

"Nini hakipiti?"

Akashika koo.

"Chakula. Tangu tuchume kahawa. Sasa hata uji unakataa."

"Na hukusema? Si ungerudisha sahani tujue!"

"Mke wa mtoto wako akikupikia, sahani hairudi na chakula. Ikirudi, kila mtu anajua umemkataa. Kathure amenikosea nini ndio nimfanyie hivyo?"

Nyuma yangu nikasikia mtungi umewekwa chini. Kathure alikuwa amesimama pale. Amesikia. Akakaa kwa nyasi, akafunika uso na leso.

Ndipo nikamwangalia mama. Nikamwangalia kweli, si kumsalimia nikipita. Sweta mbili, leso imezungushwa mara tatu, na ndani hakuna mtu.

Hospitalini walimpima.

Kilo thelathini na tatu.

Mbwa wangu alikuwa anamzidi mama yangu kilo kumi na tatu... na mimi ndiye nilikuwa nazunguka na mizani!

"Ni uvimbe wa koo," daktari akasema. "Mngemleta mapema."

"Ukateni huo uvimbe."

"Umeshapita hapo pa kukatwa, mzee."

Nikasimama pale na mikono yangu. Hapakuwa na kikombe cha kupima. Hapakuwa na mto wa kushuka naye asubuhi.

Walimwekea mpira wa kupitishia maziwa, tukarudi naye nyumbani. Kathure ndiye alimlisha kwa huo mpira, kijiko kwa kijiko, bila kunisemesha. Mama aliniuliza kitu kimoja tu, kila jioni.

"Komanda amefika ngapi?"

"Arobaini na moja, mama."

"Vizuri. Usimwonee huruma."

Mama alikufa kabla mvua ya Machi haijashika vizuri. Komanda bado huenda mlango wa lile jiko saa ya mchana. Analala hapo, anangoja, kisha anarudi.

Wewe unayesoma hii: sahani safi haimaanishi mtu amekula. Mila ya kutochungulia mzee akila iache. Kaa naye chini mpaka umwone akimeza.

Komanda sasa ana kilo thelathini. Amekaa na kilo hizo mwaka mzima, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Anakimbia. Karwirwa anasema moyo wake ni mzima.

Kilo kumi na sita zimetoka. Zimenigharimu mama mmoja, na mke niliyemwita mwongo: mpaka leo akinipakulia, husimama pale mlangoni mpaka anione nimemeza yote.