Kiti cha Bibi Harusi

Yaliyompata rafiki yangu Kibwana yalitokea Mzenga, mchana kweupe, siku moja kabla ya harusi yake. Alimwita mpiga picha mapema ili wachague mahali penye mwanga mzuri. Wakaweka kiti kitupu uani.

Mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. "Mwambie bibi harusi atulie," akasema.

"Mwanamkuu yuko ndani, hatolewi mpaka kesho. Hapo hapana mtu."

"Njoo uone mwenyewe."

Kibwana akaingia gizani chini ya kitambaa. Vikuku vikalia karibu na sikio lake. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kama kamera zile za zamani zilivyoonyesha, kila kitu kilikuwa kichwa chini: nyumba, mikorosho, hata kiti. Mwanamke mwenye shela peke yake ndiye aliyekuwa wima, akimtazama.