Sura ya Dalal Ndani ya Monita

Monita ilikuwa ya moto. Badriya aliiwekea kiganja mgongoni akakiondoa haraka kwa mshangao, maana waya wake ulikuwa bado umefungwa kwa mpira, haujagusa umeme tangu kontena lifike kutoka Dubai.

"Jua hilo," alisema Msabah, muuzaji wa vitu vilivyotumika pale Darajani. "Si unaona nimezianika?"

Lakini monita nyengine zilizoanikwa pamoja nayo zilikuwa baridi.

Hisham, kaka yake Badriya, aliitaka ile bapa nyembamba. "Hii ndiyo ya kisasa. Watoto wakija dukani kucheza mpira wa kompyuta watajaa mpaka mlangoni."

"Iwashe basi, utie mchezo, umkimbize mchezaji," Badriya alimwambia Msabah.

Msabah akaiwasha. Mchezaji alikimbia akiburuta kivuli nyuma yake kama moshi.

"Ushaona?" Badriya alimgeukia kaka yake. "Na ngozi za watu zimepauka kama wamemwagiwa unga. Mimi n'tajuaje bibi harusi kapaka poda au anaumwa? Tunachukua hili jitu la zamani, hili la moto."

"Na nani atalibeba?"

"Wewe. Kwani hayo mabega unayafugia nini?"

Duka lao lilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao, ndani ya Mji Mkongwe. Jioni ilikuwa zamu ya watoto na michezo yao ya kompyuta. Asubuhi mlango ulifungwa, na Badriya akasafisha picha za harusi kwenye kompyuta, peke yake. Wanawake walimletea yeye tu, kwa sababu ukumbini walivua mabuibui, nywele wazi, na walijua hakuna jicho la mwanamume litakaloziona.

Kitu kipya hakiingii nyumbani bila ya kufukizwa. Ubani ulikuwa umekwisha, basi Badriya akachukua udi uliobaki kwenye harusi ya Dalal, shoga yake wa nyumba ya pili, akautia chetezoni na kuizungushia monita moshi. Akamalizia kwa marashi, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Kisha akafungua picha za Dalal.

Rangi zilimsuuza roho. Nyekundu ya hina ilikuwa nyekundu kweli. Halafu, katikati ya mashangazi waliojipanga nyuma ya Dalal, akamwona mwanamke asiyemjua. Penye uso wake palikuwa laini kama yai lililomenywa. Badriya akadhani ni kasoro ya kamera. Katika picha ya pili mwanamke yule alikuwa amesogea mbele. Katika picha ya tatu alikuwa na macho, na macho yale yalikuwa ya Dalal, na Dalal mwenyewe hakuwa nayo.

Harufu ya hina mbichi ikaanza kutoka kwenye matundu ya monita.

Adhuhuri mama yake Dalal, Bi Afra, aliingia bila ya hodi. "Badriya, mwanangu, picha umezifanya nini?" alinong'ona. "Dalal kaamka uso umekufa ganzi. Haoni, anaishika pua wala haihisi. Anasema kuna mtu anamvua uso, kama mtu anavyovuliwa shela."

Kabla Badriya hajajibu, umeme ukakatika. Feni za mtaa mzima zikanyamaza, redio ya jirani ikakatika katikati ya neno, na katika kimya kile monita peke yake ikabaki inawaka, mwanga wake ukiwapiga usoni wote wawili, na kutoka ndani yake, mbali kabisa kama chini ya kisima, wakasikia bangili zikigongana na vigelegele vya watu wasiovuta pumzi.

Hisham alipoambiwa alitaka ikatupwe baharini.

"Na uso wa Dalal uzame nayo?" Badriya akamuuliza. "Nenda kamlete Bi Mwanamwema."

Bi Mwanamwema, mganga wa Makunduchi, alifika jua likiwa linashuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlimfukiza nini?"

"Udi. Wa harusi."

Bibi akaguna. "Ubani ungemfukuza. Udi wa harusi ni mwaliko. Huyu pepo kaalikwa, mwanangu, na kila mwanamke aliyealikwa hutaka aonekane kwenye picha. Hana uso, basi anaazima. Tumpe mtu wa kuwa kiti chake. Akupande wewe, umlishe halua na marashi, atamwachia bibi harusi."

"Mimi sipandwi."

"Adabu, mtoto! Anakusikia."

"N'nasema asikie."

Badriya akaketi, akaishika mausi. Umeme haukuwa umerudi, lakini mshale ulitembea. Akaanza kumfuta mgeni kutoka miguuni, pindo la nguo, kiuno, mikono, na kila alipofuta monita ilitetemeka na harufu ya hina ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, na yule aliyekuwa akifutwa akamgeukia ndani ya picha, akafungua mdomo wa Dalal, akasema kwa sauti ya Dalal: "Badriya, kipenzi changu, unaniumiza."

Mkono ulisita kidogo tu. "Muongo. Dalal hanibembelezi. Hunitukana kwanza."

"Ukinifuta n'tachukua sura yako."

"Ya kwangu chukua, ukiiweza. Ya mwenzangu huipati."

Bi Mwanamwema akaacha habari ya kupatana na pepo, akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu. Badriya akafuta picha baada ya picha mpaka vidole vikamkakamaa. Mgeni alipotoka kwenye ya mwisho, monita ikazimika. Kutoka nyumba ya pili sauti ya Dalal ikapaa: "Mama! Naona! Pua yangu ipo! Na huyo mvivu Badriya picha zangu keshazimaliza?"

Siku chache baadaye Hisham akataka monita iuzwe.

"Haiuzwi," Badriya alisema. "Hiki ni kitendea kazi changu. Nipige picha, tutie kwenye kibao cha duka."

Hisham akapiga. Akatazama kamera, akapiga tena. "Umetikisika."

"Sikutikisika."

Akapiga mara nyengine, kisha akakaa chini sakafuni, akaanza kulia. Katika picha zote baibui lilikuwepo, mikono ilikuwepo, na juu ya shingo palikuwa na ukungu mtupu.

Badriya alijishika pua, mdomo, nyusi. Vyote vilikuwa mahali pake, na vina joto.

"Nyamaza," alimwambia kaka yake. "Tundika hiyo hiyo, jina langu uliandike kwa herufi kubwa. Anayetaka kuniona aje anione kwa macho yake."