Punda Amekosa Nini?

Huyu ni Seche. Ana miaka saba. Kwao ni pakavu, na vumbi ni jekundu.

Na huyu ni Kijivu, punda wa kina Seche. Kila alfajiri anabeba madumu manne ya maji mpaka shuleni. Baba anatembea pembeni yake.
Ko, ko, ko!

Shuleni kwa Seche, Kiswahili ni marufuku. Kiingereza tu! Ukiteleza, unavishwa ubao shingoni. Ubao umeandikwa kwa Kiingereza: Mimi ni donki.

Unataka kuuvua? Msikie mwenzako akiongea Kiswahili. Mtaje. Avae yeye.
Hivi jamani, huo ni mchezo gani?

Jumatatu, Seche alijikwaa kwenye jiwe. "Mama yangu wee!" akalia.
Basi. Hicho ni Kiswahili. Mwalimu wake, Madamu Mwaja, akamvisha ubao.

Tapu, tapu, ubao ukagonga kifua.
Seche akanyamaza kimya.

Jumanne, Madamu akafundisha maana za donki. Donki ni mnyama wa mizigo. Donki ni mtu mjinga. Kazi ya donki ni kazi ngumu, ya kuchosha. Miaka ya donki ni muda mrefu, mrefu sana.
Darasa zima likageuka, likamtazama Seche.

Tapu, tapu, ubao ukagonga kifua.
Seche akanyamaza kimya.

Jumatano, rafiki yake Mboni akakaa karibu naye. "Seche, nina kiu," akanong'ona.
Kwa Kiswahili!
Mboni akaziba mdomo. Macho yakajaa machozi.

Seche angeweza kumtaja. Ubao ungemtoka, saa hiyo hiyo!
Akaitazama shingo ya Mboni. Ilikuwa nyembamba, kama yake.
Hakumtaja.

Tapu, tapu, ubao ukagonga kifua.
Seche akanyamaza kimya.

Alhamisi, Seche hakucheza. Hakuimba. Alilia bila sauti. Labda hata kulia ni Kiswahili, nani ajuaye?

Nyumbani, aliuficha ubao ndani ya begi.
"Seche mwanangu, mbona hivyo? Umemeza ulimi?" mama akauliza.
Seche akatikisa kichwa tu. Akawaza, hii ndiyo ile miaka ya donki. Haitaisha. Haitaisha kamwe.

Ijumaa, kisimani kulikuwa na foleni. Baba na Kijivu wakachelewa. Wakafika shuleni wakati wa mapumziko, watoto wote wako nje.
Ko, ko, ko!

Seche akajificha nyuma ya pipa la maji, lenye mdomo mdogo usio na kifuniko. Baba asiuone ubao! Asiuone!
Lakini Kijivu anamjua Seche. "Hi-haa! Hi-haa!" Akaenda moja kwa moja, akamwekea pua begani.

Baba akamfuata. "Seche, hiki nini shingoni?"
Seche akaufunika ubao kwa mikono.
"Sema, mwanangu. Baba yako hajui kusoma Kiingereza."

Sauti ya Seche ikatoka ndogo, kama ya kifaranga. "Imeandikwa, mimi ni donki."
"Donki ndiyo nini?"
"Ni punda, baba. Ni mtu mjinga."

Baba akamtazama Kijivu. Mgongo wake umelowa jasho. Akamtazama Madamu Mwaja, aliyesimama karibu. Mkononi ana kikombe cha maji.
"Samahani, mwalimu," baba akasema taratibu. "Punda amekosa nini?"

Madamu akakitazama kikombe. Maji hayo yaliletwa na nani?
"Hapana, baba Seche, hajakosa. Huu ni utaratibu tu wa..."

"Madamu kaongea Kiswahili!" Mboni akapiga kelele. Kwa Kiswahili!
Watoto wakarukaruka. "Seche, mvishe! Mvishe!"

Seche akauvua ubao. Akaitazama shingo ya Madamu.
"Sitaki," akasema. "Simvishi mtu. Unauma."

"Hata mimi niliongea Jumatano," Mboni akasema. "Seche hakunitaja."
"Na mimi jana!" akasema mwingine.
"Na mimi!"
"Na mimi!"
Ubao mmoja. Shingo ngapi hizo?

Madamu Mwaja akachuchumaa. Akaupokea ubao kwa mikono miwili.
"Nisamehe, Seche."

Akauweka juu ya mdomo wa pipa la maji, maandishi yakitazama chini.
Loo! Ukafunika vizuri. Vumbi haliingii tena.

Jioni hiyo, Seche aliongea. Aliongea akila ugali. Aliongea akioga. Aliongea akivaa gauni la kulalia.
"We mtoto, hupumui?" mama akacheka. "Haya, lala."

Nje, zizini, Kijivu akaita. "Hi-haa!"
"Lala salama, Kijivu," Seche akajibu, kwa sauti kubwa.

Akaweka mkono kifuani.
Hakuna tapu, tapu.
Seche akalala usingizi.