Mwaka Ambao Mapanga Hayakusimama

Tumbusi mmoja alitokea upande wa kusini, juu sana, akiwa bado nukta ambayo jicho la binadamu lisingeiona. Mlinzi-Anga alimwona. Akiwa umbali wa kilomita sita, macho kumi na manne ya kioo yaliyofungwa juu ya mlingoti yalipima upana wa mabawa yake, mwendo wake na njia atakayopita, kisha ubongo wa mashine ukatoa amri. Mnara wa upepo ukaanza kupunguza kasi. Mapanga yake matatu, kila moja lenye urefu wa mita mia moja na arobaini, yakasimama. Tumbusi akapita katikati yake bila haraka, akatua kwenye kiota chake majabalini, na baada ya sekunde ishirini na mbili mapanga yakaanza kuzunguka tena.

Wajumbe wa Baraza la Mazingira, waliokuja ukingo wa Ilundo kwa basi la anga kutoka Dodoma, walipiga makofi. Mhandisi Theodora Mghenyi hakupiga. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ameitengeneza mashine ile kwa miaka saba, na alikuwa amezaliwa chini ya ukingo uleule. Alikuwa akimtazama mwanamke mmoja aliyesimama kando, mikono nyuma, asiyeshangaa chochote.

Mwanamke huyo aliitwa Salma Ntandu. Alikuwa amefanya kazi ya askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na tisa, na kila mwaka alihesabu viota vya tumbusi kwenye majabali ya Ilundo. Yeye ndiye aliyefungua shauri la kupinga mitambo ya upepo. Mnara ule mmoja ulikuwa wa majaribio tu. Shirika la Nishati ya Ukingo lilitaka kusimamisha mia moja na kumi na nane, kutoka mwanzo wa ukingo hadi mwisho.

“Bi Salma,” Mwenyekiti wa Baraza alimwambia, “umejionea mwenyewe. Una ushahidi gani kwamba mashine hii itashindwa?”

“Sijasema itashindwa,” alijibu Salma. “Mheshimiwa, tumbusi hapigi mabawa kama kunguru. Ni ndege mzito. Asubuhi anangoja upepo ugonge ukingo huu, upande juu, umbebe. Hiyo ndiyo ngazi yake. Ninyi mnataka kuuvuna upepo huohuo. Halafu hii minara ina mvumo, sikio lako halisikii, yeye anausikia mpaka kwenye yai analolalia. Mnauliza wangapi watakatwa. Mimi nauliza wangapi watabaki.”

“Na hilo tutalipimaje?”

Salma aliyatazama majabali. “Mtalipima wakishaondoka,” alisema.

Mjumbe mmoja alicheka kidogo. Theodora hakucheka, ila moyoni aliona yule mama amekwama kwenye karne iliyopita. Mwaka ulikuwa 2079. Makaa ya mawe yalikuwa yamepigwa marufuku, mvua za Singida zilikuwa hazitabiriki, na pampu za maji za vijiji ishirini zilikuwa zikizima na kuwaka kama kope. Umeme ule ulihitajika kweli. Theodora mwenyewe ndiye aliyependekeza sharti lililomaliza ubishi: tumbusi kumi wakifa kwa mapanga ndani ya mwaka mmoja, mitambo yote izimwe. Hakuwa akidanganya mtu. Aliiamini kazi ya mikono yake.

Jambo moja tu lilimkera siku zile. Kwenye orodha ya wanakijiji waliounga mkono shauri la Salma, aliona jina la kaka yake, Gervas. Akampigia.

“Kaka, umetia sahihi kitu usichokielewa.”

“Nimeelewa,” alisema Gervas. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. “Ng’ombe akifa huku kwetu, hatuna shida. Kabla jua halijasimama tumbusi wameshamaliza, umebaki mfupa. Sasa hao wakiondoka?”

“Hawaondoki. Ndiyo kazi yangu hiyo, wasiguswe. Unataka watu Dodoma waseme dada anajenga, kaka anabomoa?”

Kesho yake Gervas alikwenda kwa mtendaji wa kijiji akafuta jina lake. Wengine sita wakafuata, maana kama kaka wa mhandisi amejitoa, lazima anajua jambo. Shauri likashindwa.

Minara ilisimama. Pampu za Ilundo zikaacha kuzima. Zahanati ikapata friji zisizozimika, shule ikapata taa, na kila mwisho wa mwaka ripoti ya Mlinzi-Anga ilitoka ikiwa na mstari mmoja uliosomwa na kila mtu: Vifo vya tumbusi, sifuri. Mwaka wa pili, sifuri. Wa tatu, sifuri. Mataifa mengine yakaja kujifunza. Theodora akahamia Dodoma, akapewa nishani, akawa anaalikwa kuzungumza kwenye kumbi ambazo roboti ndizo zinazomimina chai. Alikuwa anaanza hotuba yake kwa sifuri ile.

Mwaka wa tano, mwezi wa Novemba, Asteria, mke wa Gervas, alimpigia.

“Wifi, kaka yako anaumwa. Hataki maji.”

“Hataki maji vipi?”

“Nikimletea kikombe anatetemeka. Anakigeuzia uso.”

Theodora alielewa kabla Asteria hajamaliza. Wiki saba nyuma, Gervas alikuwa amewafukuza mbwa waliomzingira ndama zizini. Mmoja alimkwaruza kiganja kwa jino. Kilikuwa kidonda kidogo, na ulikuwa wakati wa kuandaa mashamba. Alikiosha kwa maji na chumvi, akafunga kitambaa, hakumwambia mtu. Chanjo ilikuwepo zahanatini, ndani ya friji isiyozimika, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mwaka 2084 kama miaka yote iliyotangulia, hakina dawa. Gervas alikufa siku ya nne. Theodora alikuwa pembeni ya kitanda, na kaka yake hakumtambua.

Matangani ndipo aliposikia mambo ambayo hayakuwa yakimfikia Dodoma. Mizoga ilikuwa inalala mbugani juma zima, ikivimba. Watu walikuwa wamechoka kuifukia. Mbwa wasio na wenyewe walikuwa wameongezeka, makundi kwa makundi, wamenona kwa mizoga hiyo. Gervas alikuwa mtu wa tatu kufa kwa kichaa cha mbwa mwaka huo.

Siku ya pili Salma Ntandu alifika kutoa pole. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa nyeupe zote. Alikaa kwenye jamvi na wanawake wenzake, akala ugali kidogo, kisha akamfuata Theodora nyuma ya nyumba.

“Shikamoo, Bi Salma.”

“Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Alikuwa mtu mzuri, Gervas. Alikuja kwangu siku aliyofuta jina, akaniomba radhi. Nikamwambia, dada ni dada.”



“Nina swali,” Salma akaendelea. “Najua si mahali pake. Ile mashine yako, mwaka huu imesimamisha mapanga mara ngapi?”

“Sijui. Ripoti haitaji hilo. Inataja vifo.”

“Basi tazama.”

Theodora alikwenda kukaa kwenye kinu cha kutwangia kilichopinduliwa, akafungua kompyuta yake ya mkononi, akaingia kwenye kumbukumbu za Mlinzi-Anga. Hesabu ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyewahi kuiomba. Mwaka wa kwanza, mapanga yalisimama mara elfu kumi na moja na mia nne. Mwaka wa pili, elfu tatu na mia tisa. Wa tatu, mia sita. Wa nne, thelathini na nane.

Mwaka huu yalikuwa hayajasimama hata mara moja.

Aliirudia hesabu, akidhani ameikosea. Kisha akafunga kompyuta.

“Wameenda wapi?” aliuliza.

“Mwaka wa pili waliacha mayai kwenye viota,” alisema Salma. “Hilo sijapata kuliona maishani mwangu. Wengi walishuka kusini, kule kwenye watu wanaotia sumu mizoga ili kuua fisi. Wakala, wakafa. Lakini hawakufa kwa mapanga yako, kwa hiyo hawamo kwenye ripoti yako. Ilundo palikuwa na jozi mia mbili na kumi na mbili. Nimezitafuta miaka mitatu. Nimeziona jozi kumi na tisa, mbali sana na hapa, na hazitagi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Salma alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Theodora aliona afadhali ingekuwepo.

“Nilikwambia,” alisema.

Miezi mitano baadaye Baraza lilikaa Dodoma kusikiliza ombi la kuangalia upya uamuzi wa Ilundo. Mwombaji alikuwa Salma Ntandu. Shahidi wake alikuwa mtu aliyetengeneza Mlinzi-Anga. Theodora alieleza yote: hesabu za kusimama, mayai yaliyoachwa, mizoga, mbwa. Alipofika kwa kaka yake alikunywa maji, akaendelea.

Wakili wa Shirika alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama na karatasi moja tu.

“Mhandisi, pole kwa msiba. Nina maswali matatu mafupi. Sharti la Baraza lilihusu nini?”

“Vifo kwa mapanga.”

“Nani aliliandika?”

“Mimi.”

“Katika miaka mitano, Mlinzi-Anga ameshindwa kazi yake hata mara moja?”

“Hapana,” alisema Theodora. “Hajashindwa.”

“Nashukuru. Sina zaidi.”

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi. Baraza lilisikitika. Lilisema nyumba milioni mbili zinategemea umeme wa ukingo, zikiwemo za Ilundo yenyewe. Kwamba sharti lilikuwa wazi na halijavunjwa. Na kwamba kuzima minara sasa hakutarudisha ndege waliokwisha kuondoka. Salma alisomewa uamuzi akiwa amesimama. Aliuliza kama anaruhusiwa kwenda, akaambiwa anaruhusiwa.

Juma lililofuata Mkurugenzi wa Shirika, Bwana Eliabu Kiyao, alimwita Theodora ofisini. Hakumlaumu kwa ushahidi wake. Alimwagizia kahawa, akamweleza kuwa tatizo la mizoga Shirika limelichukua kwa uzito.

“Tunataka mashine,” alisema. “Iruke, iutafute mzoga, iuteketeze palepale. Wataalamu wangu wanasema hapa nchini ni wewe tu unayeweza kuifundisha macho. Na macho unayo tayari, Mhandisi. Miaka mitano umefundisha mashine jinsi tumbusi anavyoruka.”

“Unataka nitengeneze tumbusi.”

“Nataka watu wa kwenu wasiumwe na mbwa.”

Theodora aliiacha kahawa, akatoka. Alizunguka mjini mpaka miguu ikamuuma, kisha akampigia Salma, akitumaini atamkataza. Salma alikuwa akifunga mizigo. Alikuwa anahamia kule ziliko zile jozi kumi na tisa, akae nazo.

“Itengeneze,” Salma alisema. “Mbwa hawatangoja wewe na mimi tumalize kuona aibu.”

“Nitakuwa nimewasaidia kufunika kosa lao.”

“Utakuwa umewasaidia. Na watoto wa Gervas watakuwa wazima. Yote mawili ni kweli, mwanangu, uyabebe.” Kisha akaongeza, “Ila usiipe jina la tumbusi.”

Aliipa jina la Kiteketezi. Ilichukua miezi kumi na sita. Siku ya majaribio watu wa Ilundo walitoka kwenda mbugani, mahali alipolala fahali aliyekufa kwa ugonjwa siku iliyotangulia. Kiteketezi kikaja kutoka kaskazini, kikazunguka mara mbili kikiyumba kidogo kwenye kona, kikatua. Kikatoa mikono, kikakata, kikavuta vipande ndani ya tumbo lake la joto. Moshi mweupe ukatoka mgongoni. Kazi ilichukua saa nne na nusu. Mara mbili kilirudi mnarani kuongezewa nguvu. Harufu ya nywele zilizoungua ikabaki hewani, na mbwa walikaa mbali, wakitazama.

Wakubwa wa Shirika walimpongeza Theodora, wakaondoka. Watu nao wakatawanyika. Asteria alibaki, kanga yake nyeusi ameifunga kiunoni, akiiangalia mashine inavyofutwa damu na mafundi wawili.

“Wifi,” alisema, “hiki kitakuwa kinakuja kila siku?”

“Kila siku. Vitakuwa sitini.”

“Na vikiharibika?”

“Tutatengeneza.”

“Na mkiacha kutengeneza?”

Theodora aliokota kitambaa kilichodondoshwa na mafundi, akawarudishia.

Kisha Asteria akauliza, kama mtu anayeuliza njia tu, “Na wale ndege walikuwa wanatudai nini?”

“Hawakuwa wanadai kitu,” Theodora alijibu.

“Hata kidogo?”

“Upepo tu. Tuuache upite.”

Asteria aliitikia kwa kichwa, taratibu, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya nyumbani. Theodora alimfuata nyuma.