Nati za Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Mjuzi, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Alikuwa amestaafu kazi ya kufundisha udereva, na sasa mchana kutwa alikaa mezani na kompyuta, akiandika habari za magari ya zamani kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote huandika na yeyote hufuta. Aliweza kubishana na watu asiowajua, wiki nzima, juu ya taa za nyuma za gari lililoacha kutengenezwa yeye hajaota ndevu. "Chanzo chako kiko wapi?" aliwabana wenzake. Mkewe akimwita chai inapoa, alijibu "nakuja," na haji.

Alasiri moja alikuwa amekaa vilevile. Mkewe alikuwa chumbani akikunja nguo za binti yao, nguo zisizo na wa kuzivaa.

Binti huyo walimwita Spana, kwa kuwa tangu utotoni hakushika mwanasesere, alishika spana tu. Alifariki miezi michache nyuma, akija nyumbani na gari kuukuu la kijani alilolifufua kwa mikono yake. Gurudumu la mbele kushoto lilichomoka njiani. Watu wakasema ni ajali, gari lenyewe bovu. Mama mtu akajitwika lawama.

"Mimi ndiye niliyemwita aje," alisema kila siku. "Nisingemwita, mwanangu angekuwepo."

Mjuzi alimshika bega, akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu alijua. Mabaki ya gari yalipoletwa kwenye banda la nyuma ya nyumba, alizijaribu nati mwenyewe. Gari la aina ile lina kioja chake: nati za magurudumu ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha zile za kulia; ukizizungusha kulia, zinalegea. Yeye, kwenye ukurasa wa gari hilo, alikuwa ameandika kwamba zote huzungushwa kulia. Hakuhakikisha. Aliandika kwa mazoea tu, akarudi kwenye ubishi wake wa taa. Asubuhi ya safari Spana alimpigia simu, yuko chini anakaza nati.

"Baba, hizi za kushoto zinaenda kirahisi mno. Una uhakika ni kulia?"

"Kwani hujasoma? Nimeandika mwenyewe."

Basi. Hata safari njema hakumtakia.

Tangu siku hiyo hakuigusa ile sentensi. Kuirekebisha kungekuwa kukiri, na mkewe alikuwa na desturi ya kuufungua ukurasa huo kila jioni kwa ajili ya picha yake: gari la kijani, Spana amesimama kando ya mlango, anacheka.

Alasiri hiyo Mjuzi aliufungua. Sentensi ilikuwa imebadilishwa. Nati za kushoto huzungushwa kushoto. Akatafuta jina la aliyebadilisha.

Spana.

Kuna mtu ananichezea, alijiambia. Akarudisha maneno yake ya zamani. Alipofumba na kufumbua, yamebadilika. Akafuta. Yakarudi. Akafuta tena, kisha akaiona picha. Binti yake hakuwa mlangoni. Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, na hakuwa akicheka.

Bandani kukasikika mlio. Krii. Kimya. Krii. Mtu anakaza nati, bila haraka.

Kisha pumzi sikioni mwake.

"Baba, una uhakika?"

Alijikuta chumbani. Mkewe alikuwa amesimama, blauzi ya Spana mkononi.

"Nani yuko bandani?" alinong'ona mkewe.

Mjuzi alipiga magoti. Akasema yote, huku mlio ukiendelea nyuma ya ukuta.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Akamwambia. Mkewe akaketi juu ya nguo alizokunja. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Miezi yote hii," alisema taratibu, "ukaniacha niseme ni mimi."

Mjuzi alirudi mezani, mkewe nyuma yake, akaandika marekebisho kwa jina lake mwenyewe: alikosea, nati za kushoto huzungushwa kushoto. Akafika pale panapodaiwa chanzo cha habari. Angeandika nini?

Akaiondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Herufi zikaanza kujiandika, moja moja, na wote wawili wakiziona.

Chanzo: nilikuwemo.

Mlio wa bandani ukakoma.

Mke alihamia kwa dada yake wiki hiyohiyo, na nguo za binti akaenda nazo. Mjuzi amebaki peke yake. Haandiki tena, habishani na mtu. Akiulizwa jambo lolote, hata saa ngapi, husema hana uhakika. Wasimamizi wa ule ukurasa wamelifuta lile neno mara nyingi, maana chanzo cha namna hiyo hakikubaliki. Hurudi. Na kwenye picha Spana amesimama tena kando ya mlango, anacheka kama zamani, ila viganja vyake sasa ni vyeusi kwa grisi.