Jogoo Ahamishwa Banda

Mkwe wangu, mke wa kitindamimba wetu, ni mfugaji hasa. Kabla hatujanywa chai, keshafika bandani. Basi, wajukuu zangu, kuku wake wadogo wakaanza kuanguka. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama anayeruka mtaro. Hawainuki tena.

Bibi yenu akasema, "Wape chokaa, mifupa imelegea."

Tukawapa. Wapi! Wakazidi kufa.

"Baba," mkwe akaniambia, "na wengine wakifa hivi, naacha kufuga."

Akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi, sauti kama king'ora. Akampasua kuku aliyekufa. Ini limevimba, lina vinundu vyeupe.

"Saratani hii," akasema. "Inaletwa na kirusi. Huwapata kuku wachanga."

"Kuku naye ana saratani!" nikashangaa. "Na sisi tunaowala?"

"Haimpati mtu, mzee. Ila aliyeugua usimle, mfukie. Dawa ya kuitibu hakuna, kinga ipo. Kifaranga achanjwe siku ileile anapoanguliwa. Na kirusi hukaa miezi mingi kwenye vumbi la manyoya. Maranda haya ya zamani ya sakafuni toeni, chomeni. Osheni banda, pulizeni dawa ya kuua viini. Vifaranga wasilale na kuku wakubwa."

Wote tukamgeukia jogoo wa bibi yenu. Mzee, mnene, analala na vifaranga kama yaya.

"Huyu hajaugua hata mafua!" Bibi akamkumbatia.

"Kuku mkubwa anaweza kubeba kirusi asiugue, mama. Akijikung'uta tu, watoto wanavuta vumbi lake."

Mkwe akapiga goti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, jogoo wako simchinji. Nitamjengea kwake, kule ng'ambo ya ua. Lakini humu halali tena."

Lo! Mkwe kumwambia mama mkwe hivyo! Mimi nikakohoa, nikatazama paa. Moyoni nasema, mwanangu kaoa.

Bibi akanuna, akanuna, mwisho akambeba jogoo wake mwenyewe.

Mkwe akasugua banda mpaka likang'aa, akaliacha likae tupu. Ndipo akaleta vifaranga waliokwisha kuchanjwa. Waoneni sasa! Wamekua, wamesimama kwa miguu miwili, wanataga, majirani wanakuja kuuliza siri.

Leo nilikwenda kuchukua mayai. Nikamkuta bibi yenu mlangoni pa banda, mikono kiunoni.

"Umetoka kwa jogoo na viatu hivyo hivyo?"

"Ni hatua mbili tu, mke wangu."

"Vua! Unataka kuua kuku wa mwanangu?"

Mwanangu, kasema. Nikavua, mzee mzima, nikaingia peku huku nacheka.